Kisima cha Sadaka na Swali Lisiloulizwa

Ramadhani inapokaribia, hapa Nakuru na viunga vyake huanza michango ya visima. Mtu amefiwa na mzazi na anataka kumtolea sadaka yenye kuendelea. Kikundi cha akina mama kimeweka akiba mwaka mzima. Jamaa aliye Ughaibuni ametuma pesa. Mtambo unaletwa, unatoboa mwamba mita mia na zaidi, maji yanaruka, watu wanaleta takbiri, na kibao chenye jina la marehemu kinapigiliwa ukutani. Wana haki ya kufurahi. Lakini lipo swali ambalo lilistahili kutangulia mtambo, na mara nyingi haliulizwi kabisa: maji haya yana floraidi kiasi gani?

Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno. Maji yanayokaa chini kwa muda mrefu huyeyusha madini ya miamba hiyo, na mojawapo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi virefu vya eneo letu hupita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo tangu uchanga hadi miaka minane hivi, wakati meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi, meno hutoka na mabaka ya kahawia ambayo hakuna mswaki wala msuwaki utakaoyang'oa. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huumia. Wala kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na kinachobaki sufuriani ni kikali zaidi. Kwa udhu maji hayo hayana neno. Kwa kikombe cha mtoto wa miaka mitatu yana neno kubwa.

Aliyechimba kisima cha namna hiyo alikuwa na imani, na nia yake iko kwa Mola wake. Alichokosa ni elimu ndogo tu, ambayo ilikuwa maabara ikingoja kuulizwa. Nimechagua kuanzia hapo kwa sababu tukiambiwa tuzungumze juu ya imani na elimu katika Uislamu, wengi wetu hukimbilia Baghdad na Cordoba, tukawataja waganga na wanahisabati wa zamani, tukajivuna, kisha tukarudi nyumbani vile vile tulivyotoka. Suala lenyewe liko hapa hapa, kwenye bomba la maji, kwenye gunia la mahindi, na kwenye swali la kijana wa kidato cha pili.

Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akaota, ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu kwa ajili ya lile jeraha. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa na maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasema kuwa wamemuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Watazame waliolaumiwa. Hawakuwa wazembe wa dini. Walikuwa masahaba, walitaka ndugu yao aswali akiwa tohara, na walichagua lililo zito kwa kuogopa kumkosea Mungu. Bidii yao ya dini ndiyo iliyomwangamiza mwenzao, kwa sababu haikushikana na elimu. Kila ninapokisoma kisa hiki naona jinsi kinavyotuhusu, maana kosa hilo bado tunalifanya, na tunalifanya kwa sauti ya ucha-Mungu.

Chukua mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini. Ramadhani inaingia, na jirani anamwambia afunge tu, kwani anayemtegemea Mungu hadhuriki. Mgonjwa anafunga kwa kuona haya, na siku ya tatu anazirai. Jirani yule ametoa fatwa mbili kwa pumzi moja, ya sharia na ya tiba, na hana ujuzi wa mojawapo. Ushauri wangu kwa mwenye kisukari, figo, pumu kali au mimba yenye matatizo ni huu: nenda kliniki mwezi wa Shaabani, usingoje mwezi uandame. Mwulize daktari wazi wazi kama kufunga kutakudhuru, kama saa za dawa zinaweza kusogezwa, na dalili zipi zikitokea ufungue papo hapo. Kisha lichukue jibu hilo umpelekee sheikh, akueleze kama ni kulipa baadaye au kutoa fidia. Sheikh asiyetaka kusikia alichosema daktari, tafuta mwingine. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, Sura al-Baqara, pale pale saumu ilipofaradhishwa. Hakuna aliyeibuni kwa ulegevu wa zama hizi.

Turudi kwenye kisima. Ukichangishwa, uliza mambo mawili kabla hujatoa shilingi: je, visima vya karibu vimepimwa, na je, maji ya hiki kipya yatapimwa kabla ya kufunguliwa watu? Kupima ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuchimba. Kiwango kikiwa juu, kisima hakijapotea. Maji yake yatafaa udhu, kufua na usafi, na watoto watafutiwa maji mengine ya kunywa. Na hapa nina pendekezo kwa kamati za misikiti. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na misikiti yetu ina mapaa mapana. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nakuru hupata takriban milimita 900 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 200 hupokea kama lita 180,000. Hata robo ikipotea, kinachobaki ni maji mengi mno ya kunywa kwa watoto wa madrasa. Mifereji ya paa na matangi, yakifunikwa na kusafishwa vizuri, ni sadaka yenye kuendelea sawasawa na kisima, na hapa kwetu huenda ikawa bora zaidi.

Kuna pia njia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanyia kazi kwa miaka mingi. Baadhi ya Waislamu huisikia wakaguna. Hawajakosea kuguna, ila wasiishie hapo. Suala la mifupa lina fikihi yake: mfupa wa mnyama ambaye hakuchinjwa kisharia ni najisi kwa Mashafi, lakini Mahanafi hawauoni najisi, isipokuwa wa nguruwe. Mji huu una Mashafi na Mahanafi wanaoswali safu moja. Kwa hiyo mwulize mtengenezaji mifupa inatoka wapi, halafu mwulize mwanachuoni wako hukumu yake ukimpa habari kamili. Mambo mengi ya maisha ya leo yako hivyo, nusu yake anayo fundi na nusu anayo sheikh. Mwenye kumwuliza mmoja tu anarudi na nusu ya jibu.

Hilo si jambo geni katika dini yetu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifungua kitabu chake kikubwa, Ihya, kwa mlango wa elimu, akaigawa mafungu mawili: ile iliyo wajibu wa kila mtu, faradhi aini, na ile ambayo ni wajibu wa umma wote hadi wapatikane wa kuitekeleza, faradhi kifaya. Tiba na hesabu aliziweka katika fungu hili la pili. Kisha akalalamika: miji mingi ya Waislamu haina tabibu Mwislamu hata mmoja, na huku wanafunzi wanasukumana kusoma fikihi, ambayo tayari ina wengi. Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 900. Mzazi wa Bondeni au wa Naivasha ambaye binti yake amefaulu vizuri kemia na anataka kusomea famasia, asidhani kuwa binti anaiacha njia ya dini kwa ajili ya dunia. Akiweka nia, anawaondolea wenzake dhambi ya faradhi iliyotelekezwa.

Pwani walilisema hilo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alianzisha jarida la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu waichukue elimu ya kisasa bila kuitupa dini yao, na akawakemea kwa Kiswahili wanachokielewa. Baada yake akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, mwalimu wa shule kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Kwetu sisi wa bara, ambao Uislamu ulitujia pamoja na askari wa Kinubi, wafanyabiashara wa Kisomali na wa Kihindi, na Waswahili waliofuata reli, tafsiri ile iliingia majumbani ambamo hapakuwa na mtu ajuaye Kiarabu. Kama unayo kabatini, ifungue. Haikuwekwa pale iwe pambo la sebule.

Sasa faradhi aini, maana hapa ndipo watu wazima wanapojisahau. Tunadhani elimu ya lazima ni ile ya utotoni, udhu na swala na sura fupi, basi. Lakini wajibu hukua pamoja na maisha. Ukioa, inakulazimu kujua haki za ndoa. Ukifungua duka, inakulazimu kujua riba iko wapi ndani ya mkopo unaotaka kuuchukua. Na ukilima, inakulazimu kujua zaka ya mazao, jambo ambalo katika nchi hii ya mahindi na ngano halisemwi sana mimbarini. Nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni wasaki 5, ambazo wengi hukadiria kuwa karibu kilo 650. Kwa magunia yetu ya kilo 90 ni magunia saba na kidogo. Shamba la Njoro au la Subukia likinyeshewa na mvua tu, zaka ni moja ya kumi. Likimwagiliwa kwa gharama, ni moja ya ishirini. Aliyevuna magunia 40 ya mahindi kwa mvua anadaiwa 4, na hutolewa wakati wa mavuno, hangojei mwaka upite. Viazi vya Molo je? Hapo wanachuoni wametofautiana, kwani Mashafi huangalia chakula kikuu kinachowekeka, na wengine wamepanua zaidi. Usijikatie shauri mwenyewe kwa kuangalia bei ya msimu. Nenda ukaulize, ukiwa na daftari lenye idadi ya magunia na gharama, kwa sababu sheikh hawezi kuhesabu shamba ambalo hajaliona.

Daftari. Ningependa neno hilo litiliwe mkazo kwenye hotuba za Ijumaa. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake limebaki katika hisabati za dunia nzima, alipoandika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9 alitenga sehemu nzima kwa ajili ya wasia na mirathi. Mafungu ya warithi yaliyotajwa katika Sura an-Nisaa hayagawiki bila sehemu za hesabu. Familia nyingi zinazofikishana mbele ya Kadhi zingepunguziwa uchungu kama marehemu angeacha karatasi moja inayosema ana deni gani, anadai nani, na hati ya shamba iko wapi.

Lipo jaribio moja ambalo nawasihi walimu wa madrasa walifanye na watoto, kwa sababu linaonyesha imani na elimu zikishikana kiganjani. Kibla cha Nakuru ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa takriban digrii 9. Ukisimama mjini ukaelekea Kibla, uso wako unatazama upande wa Menengai. Mombasa, iliyo karibu kabisa chini ya Makka, Kibla chake ni kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana mgeni kutoka pwani akiswali hapa kwa mazoea ya kwao huhitaji kugeuka kulia kidogo. Mtoto atauliza: mwalimu, umejuaje? Usimwambie simu imesema. Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua huwa wima juu ya Kaaba. Hurudi tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa za Makka na zetu ni moja, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Simika fimbo ya mita moja uwanjani, hakikisha imesimama wima kwa uzi wenye jiwe, na dakika hiyo ikifika chora mstari juu ya kivuli. Kivuli kitakuwa kifupi, kama sentimita 40. Kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la fimbo, hapo ndipo Kibla. Mawingu yakizuia Mei, ngojeni Julai, na siku moja mbele au nyuma haileti tofauti ya maana. Mtoto aliyekipata Kibla kwa kivuli chake mwenyewe hatahitaji kuambiwa kuwa sayansi na dini zinagombana au hazigombani. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha humo ni kupata Kibla cha Ghazna.

Vijana wakubwa wana maswali magumu kuliko hayo. Kijana ametembezwa na shule hadi Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, mahali ambapo Louis Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1920. Ameona shoka za mawe zinazokadiriwa kuwa na umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Jumamosi anamwuliza ustadh: walioziunda walikuwa wana wa Adamu? Nimeona swali kama hilo likijibiwa kwa fimbo, na nimeliona likijibiwa kwa hadithi iliyobuniwa pale pale. Njia zote mbili zinamfundisha kijana kuwa dini inaogopa maswali, na akifika chuo kikuu atakuwa amekwisha acha kuuliza. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, akajibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukaripiwa. Alionyeshwa. Kisa kiko Sura al-Baqara, aya ya 260, na kila mwalimu wa madrasa angepaswa kukiweka mbele yake kabla ya kushika fimbo.

Basi mwambie kijana kile unachokijua kwa yakini kutoka katika wahyi, mwambie kile ambacho wachimbuaji wamekipima, na mwambie kuwa wanachuoni wa zama zetu wamejadiliana na kutofautiana juu ya namna ya kuyaoanisha. Ukifika mpaka wa ujuzi wako, sema hujui. Imam Malik, ambaye watu walimfungia safari za miezi kumuuliza, alijulikana kwa kulisema neno hilo mara nyingi, na heshima yake haikupungua. Kisha mkatafute pamoja. Mzazi anayesema "sijui, tukaulize" anamlinda mwanawe kuliko yule anayejibu kila kitu.

Ujumbe wa simu nao una hesabu yake. Hadithi inayosambazwa sana kuhusu kutafuta elimu hata Uchina, Ibn al-Jawzi aliiweka miongoni mwa zilizozuliwa, na wengine wameihesabu dhaifu. Inasikitisha kuutetea ukweli kwa maneno yasiyothibiti, na huku hadithi ya kuwa elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu ipo katika Ibn Majah. Sura al-Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari, na Sura al-Isra inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo. Kwa hiyo dawa ya mitishamba, tarehe ya Kiyama au hadithi isiyo na mpokezi, isitoke mkononi mwako kabla hujamwuliza anayejua.

Wapo watakaohofia kuwa ukimweleza mtu sababu za mambo, unampunguzia Mungu. Ziwa Nakuru limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kuwatoa watu majumbani Mwariki na Barut. Bwawa la Solai lilipasuka Mei 2018 likaua watu zaidi ya 40. Msibani tunasema ni kadari, na ni kweli. Lakini jua lilipopatwa mwaka 632, siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto yule, na Mtume mwenyewe akiwa katika msiba aliwakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Angeweza kunyamaza, na maneno yale yalikuwa ya kumtukuza. Hakunyamaza. Akaswali, akawafundisha, akaziba uvumi. Nasi tukimzika aliyesombwa na maji, tumwombee, kisha tuulize nani alikagua ukuta wa bwawa.

Elimu peke yake haimfikishi mtu. Iblisi hakukosa habari. Al-Ghazali, akiwa kileleni mwa umaarufu Baghdad mwaka 1095, aliona elimu yake imekuwa ngazi ya cheo, ulimi ukamkwama darasani, akaacha kiti chake na kuondoka kwenda kuutengeneza moyo wake. Ukiona kusoma kwako kunakuongezea dharau kwa wasiosoma, au unajua hukumu za swala kuliko wote na Alfajiri inakupita, kitabu kingine hakitakutibu. Hapo ni kuamka usiku, kukaa na wacha-Mungu, na kukifanyia kazi kile kidogo ulichokwisha kijua.

Kwa kamati za misikiti ninaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wao: mara moja kwa mwezi, baada ya Isha, mwiteni mtu wa fani. Mfamasia, afisa wa kilimo, fundi wa maji, wakili wa mirathi, mwalimu wa hisabati, awe Mwislamu au asiwe. Imamu akae naye mezani, watu waulize, na kila mmoja ajibu upande wake. Kipaza sauti kifike kwa wanawake, na maswali yao yasisomwe mwisho wakati watu wanavaa viatu. Bi Aisha amepokewa hadithi 2,210, na masahaba wakubwa walikwenda kumuuliza. Na wa kwanza kualikwa awe mpima maji, aje na chupa mbili, moja ya kisima cha msikiti na moja ya mvua, na majibu ya maabara mkononi.